Rivyu: OpenWrt na SQM kwenye ruta ya mtumba, jinsi darasa langu la Zoom lilivyopona

Jamani hii naiandika kwa urefu maana nimehangaika nayo karibu mwaka mzima, na naona watu wengi wanahangaika vilevile. Mtu anapiga vidio na ndugu yake aliyeko nje, picha inaganda, sauti inakuwa kama ya mtu anayeongea ndani ya pipa, halafu akiuliza anaambiwa dawa ni kuongeza kifurushi. Mimi niliongeza na haikusaidia. Kilichosaidia ni ruta ya mtumba niliyonunua shilingi 65,000 Kariakoo na programu ya bure ya kuendeshea ruta inaitwa OpenWrt, na ndani ya hiyo programu kuna kipengele kimoja cha kupanga foleni ya mtandao kinaitwa SQM. Nimeitumia miezi saba sasa, kila siku ya kazi, kwa hiyo ninachoandika hapa nimekiona kwa macho yangu.

Kwanza mjue natumia mtandao kwa kazi gani. Nafundisha Kiswahili kwa Zoom. Niko Tabata, wanafunzi wangu karibu wote wako Ujerumani na wanasoma wakishatoka kazini, kwa hiyo vipindi vyangu ni kuanzia saa moja jioni mpaka saa nne usiku kwa saa za Dar, na huo ndo muda ambao nyumba nzima nayo inataka mtandao. Mdogo wangu anapiga vidio za harusi, akirudi tu anaanza kupandisha mafaili ya sendofu ya juzi kwenda Google Drive, faili moja giga kumi na kitu, watoto wa dada wako sebuleni na katuni zao za YouTube, simu nne zimeshika waifai na kila moja inajisasisha yenyewe bila kumuuliza mtu.

Sasa Kiswahili ukikifundisha kwa sauti inayokatika unamwonea tu mwanafunzi. Lugha yetu imebeba mambo makubwa kwenye silabi ndogo. Anakula, alikula, atakula, tofauti ni silabi moja pale katikati, ikimezwa hiyo mwanafunzi hajui kama ni jana, leo au kesho. Nimemwona na nimewaona ni hivyohivyo. Sauti ya simu za mtandaoni kwa kawaida inakatwa vipande vya milisekunde 20 hivi, kila kipande kinasafiri kivyake, silabi moja ukiitamka taratibu ni kama vipande nane mpaka kumi, vikichelewa hivyo basi silabi imekwenda na maana imekwenda nayo. Kuna jioni nilirudia neno ng'ombe mara sita, mwanafunzi anasikia "gombe", anaandika "gombe", na mimi naona anavyokaza macho kwenye skrini akifikiri kosa ni la masikio yake. Kosa lilikuwa ndani ya nyumba yangu. Mwanafunzi mwingine, mama mmoja mpole sana, aliniandikia kwamba anapumzika kwanza mpaka mtandao wangu utakapotulia, akanitakia heri. Iliniuma sana ile.

Laini yangu ni ya kidishi juu ya paa, kinanasa kutoka kwenye mnara wa kampuni ya hapahapa mjini, sitaitaja. Nilikuwa na kifurushi cha megabiti 10. Nilipolalamika kijana wa huduma kwa wateja akaniambia, dada yangu, wewe una watumiaji wengi, panda uende 20. Nikapanda, nikawa nalipa karibu mara mbili. Na kweli kushusha kuliongezeka, katuni za watoto zikang'aa, ila darasa likabaki palepale, kwa sababu kupandisha kulibaki megabiti 4 zilezile za mwanzo na mimi mwalimu sauti yangu na picha yangu vinapita njia ya kupanda. Hili watu wengi hawaliulizi wakati wa kununua kifurushi. Tangazo linataja namba moja kubwa na hiyo ni ya kushusha. Ulizeni na ya kupandisha, na muulize mkiwa bado hamjalipa.

Nilivyogundua tatizo ni hivi. Mdogo wangu alisafiri kwenda Moshi kwenye harusi siku tatu, na zile siku tatu nilifundisha mtandao umetulia kama maji ya mtungi. Karudi, shida ikarudi naye. Nikafungua laptopu nikaanza kupiga pingi (kupima ujumbe mdogo unachukua muda gani kwenda na kurudi) kwenda seva moja iliyoko Ujerumani, ikawa inajibu kwa milisekunde 170 hivi, inapanda kidogo inashuka kidogo. Nikamwambia haya anza kupandisha. Ikaenda 400, 900, 1,600, mwisho ikakaa kwenye 2,100. Simamisha. Sekunde chache tu ikarudi 170. Akaniuliza, "Dada, kwani mi namaliza mtandao wote?" na wakati ule sikuwa na jibu, maana nilijua Zoom haihitaji kitu kikubwa hivyo. Wao wenyewe Zoom wameandika kwamba simu ya watu wawili yenye picha ya kawaida nzuri inataka kilobiti 600 kwa sekunde kwenda na 600 kurudi, ukitaka picha ya 720p ni megabiti 1.2, na sauti peke yake ni kilobiti 60 mpaka 80 tu. Mimi nina megabiti 4 za kupanda. Sauti yangu inahitaji sehemu ndogo sana ya hapo. Sasa kwa nini inakosa nafasi?

Jibu ni foleni. Fikiria bomba la maji la mtaani. Mtu mmoja amekuja na mkokoteni wa madumu ishirini amepanga yote mbele, nyuma yake kuna mtoto ametumwa na kikombe. Maji yapo na bomba linatoka vizuri tu, lakini yule mtoto atasubiri madumu ishirini yajae ndo akinge kikombe chake. Ndani ya ruta na modemu kuna sehemu ya kusubirishia paketi, yaani vile vipande vya data vinavyosafiri, inaitwa bafa, na vifaa vingi vimewekewa bafa kubwa mno wakidhani kubwa ndo nzuri. Google Drive au kitu chochote kinachopandisha faili kinasukuma paketi mpaka ile bafa ijae, ndo tabia yake, haipunguzi mpaka ione paketi zimeanza kudondoka. Piga hesabu mwenyewe: bafa ya megabaiti 1 ni megabiti 8, laini inapandisha megabiti 4 kwa sekunde, kwa hiyo paketi ya sauti ikifika ikakuta bafa imejaa inasubiri sekunde 2 nzima. Ndo ile 2,100 niliyoiona. Na ukinunua megabiti za kushusha hata mia, foleni ya kupanda inabaki ileile.

Hii hali ina jina, inaitwa bufferbloat, na mtu aliyeipigia kelele ni Jim Gettys kuanzia mwaka 2010, naye aliigundua akiwa nyumbani kwake anahamisha mafaili makubwa, nilivyosoma hapo nikamkumbuka mdogo wangu na sendofu zake. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson wakaleta CoDel, ambayo kazi yake ni kuangalia paketi zinakaa muda gani kwenye foleni, zikizidi milisekunde 5 kwa muda mfululizo inaanza kudondosha ili anayesukuma apunguze mkono. Kisha ikaja fq_codel ambayo inampa kila mtiririko (mfululizo wa paketi za muunganisho mmoja) zamu yake, dumu moja la mkokoteni, kikombe cha mtoto, dumu lingine, na mtoto kashaondoka zake. Halafu ikaja CAKE, ya kazi hiyohiyo, iliyoingia rasmi kwenye Linux toleo 4.19 mwaka 2018. Mmoja wa waliolisukuma hili jambo miaka yote ni Dave Täht, amefariki 2025. Sikuwahi kumjua ila kila siku saa moja jioni nafaidi kazi yake, Mungu ampumzishe.

Kabla sijaenda kwenye ruta niseme kitu ambacho naona hakisemwi, kwa nini sisi wa huku hili linatuumiza kuliko wenzetu. Shirika la mawasiliano la kimataifa, ITU, kwenye pendekezo lao la G.114 wanasema mazungumzo yanakuwa mazuri ikiwa sauti inatumia milisekunde zisizozidi 150 kutoka mdomoni kwa huyu mpaka sikioni kwa yule. Pingi yangu ya Ujerumani ni 170 kwenda na kurudi, yaani 85 njia moja, na hapo nyumba imelala hakuna anayetumia. Zaidi ya nusu ya ile 150 imeshaliwa na waya wa baharini hata sijafungua mdomo. Toa tena zile za kukata sauti vipande na za kuikusanya upande wa pili. Kinachobaki ni kidogo sana. Mtu aliyeko Berlin akimpigia mwenzake wa Hamburg anaweza kupoteza milisekunde 80 kwenye foleni ya nyumbani kwake na asijue, mimi nikipoteza 80 tunaanza kugongana maneno, wote tunaanza kuongea, wote tunanyamaza, "samahani, endelea", "hapana, endelea wewe". Umbali siwezi kuupunguza. Foleni ya nyumbani kwangu naweza.

Haya sasa bidhaa. OpenWrt ni mfumo wa kuendeshea ruta, unaotokana na Linux, bure, mradi umeanza mwaka 2004. Unaondoa programu iliyokuja na ruta kiwandani unaweka hii. Siyo kila ruta inakubali, kwa hiyo anzia kwenye orodha ya vifaa kwenye tovuti yao ndo uende dukani, usinunue kwanza ukaja kutafuta baadaye. Mimi nilichukua TP-Link Archer C7 toleo la 5, mtumba, ina RAM ya megabaiti 128 na flashi ya megabaiti 16, inatosha. Za zamani zaidi zenye flashi ya 4 na RAM ya 32 zipo nyingi madukani kwa bei ya kutupa, ziacheni, matoleo ya sasa hayaingii. Na angalieni karatasi iliyobandikwa chini ya ruta kuna namba ya toleo, ukichukua faili la toleo lingine ukaliingiza unaweza kuua kifaa.

Kuingiza kwenyewe nilikuwa na hofu nayo lakini ni dakika kumi. Unashusha faili kwenye kompyuta, unaunga ruta kwa kebo (usifanye kwa waifai), unaingia kwenye ukurasa wa ruta sehemu ya kusasisha, unachagua faili, unasubiri bila kugusa kitu. Na umeme! Huku kwetu lazima niseme, kama mtaa wenu umeme unacheza subirini siku umetulia au muwe na UPS, umeme ukikatika katikati ya kuandika flashi umejitafutia kazi ya siku nzima. Baada ya hapo ruta inaamka na ukurasa mpya unaitwa LuCI, anwani 192.168.1.1, haina nywila kwa hiyo weka yako kabla ya lingine lolote, na waifai inakuja imezimwa, msishtuke, mnaiwasha wenyewe.

SQM haiji nayo, unaiongeza. Unaenda sehemu ya Software unatafuta luci-app-sqm unaiweka, kisha kwenye menyu ya Network inatokea SQM QoS. Hapo ndo penyewe. Unachagua intafesi ya wan (upande wa ruta unaoelekea intaneti), halafu inakuuliza namba mbili, spidi ya kushusha na ya kupandisha kwa kilobiti. Na hapa ndo watu wengi wanakosea kwa sababu inaenda kinyume na tulivyozoea, unatakiwa uandike namba NDOGO kuliko unayopata. Pima laini yako mara kadhaa, hasa usiku ikiwa imebanwa, uandike kama asilimia 80 mpaka 90 ya hapo. Sababu yake ni kwamba foleni inajipanga pale penye wembamba. Ukiacha laini ijae, foleni inajipanga kwenye kifaa cha kampuni kule juu ya paa au kule mnarani na huna mamlaka nako. Ukijibana wewe mwenyewe kidogo chini ya hapo, pembamba panahamia kwenye ruta yako na foleni inakuwa chini ya mkono wako. Yaani unajinyima kidogo ili uwe wewe msimamizi wa bomba. Mimi kupandisha napata 4, nimeandika 3,400. Kushusha napata kama 18, nimeandika 15,500.

Kwenye sehemu ya aina ya foleni chagua cake, skripti piece_of_cake.qos, kwenye Link Layer Adaptation chagua Ethernet na overhead 44 kama hujui laini yako ni ya aina gani, hiyo inatosha wengi. Save & Apply, basi.

Usiku uleule nikamwambia mdogo wangu pandisha faili kubwa kuliko yote uliyonayo. Pingi ilikuwa 170, ikawa 178, 183, 176, na faili linaenda. Nilikaa naiangalia karibu robo saa siamini. Kwenye kile kipimo cha Waveform kinachopima bufferbloat na kutoa alama kama za shule nilikuwa napata F kabla, sasa napata A, siku nyingine A+. Kesho yake nilifundisha wakati uliopita, darasa zima la li, mwanafunzi hakusema hata mara moja "Mwalimu umeganda". Kipindi kilivyoisha nilikaa kimya kidogo tu pale kwenye kiti nikashukuru.

Wiki ya pili kuna kitu kikajitokeza. Picha yangu ikawa inashuka ubora mdogo wangu akiwa kazini, sauti nzima lakini picha ukungu. Nikasoma zaidi nikaelewa, zamu zinagawiwa kwa mtiririko, na ile programu yake ya kupandishia inafungua mitiririko minane kwa mpigo wakati Zoom yangu ina mmoja au miwili. Kwa hiyo yeye anapanga foleni mara nane. CAKE ina dawa ya hili na kwa nyumba yenye watu wengi naona ni ya lazima: unatiki yale machaguo ya ndani, unaandika kwenye mstari wa ziada, upande wa kupandisha nat dual-srchost, upande wa kushusha nat dual-dsthost ingress. Hapo mgao unakuwa kwa kifaa kwanza, ndo mitiririko ya kifaa kile igawane fungu lake. Laptopu yake fungu moja, laptopu yangu fungu moja, na nisipotumia fungu langu yeye analichukua lote. Nilivyoweka hiyo picha imetulia moja kwa moja, na mdogo wangu hajalalamika hata kidogo, mafaili yake anayaacha usiku yanamaliza yenyewe.

Hicho cha mwisho ndo kilichonifanya niipende kuliko njia niliyoitumia mwanzo. Mwanzo nilikuwa namfungia spidi, kifaa chake megabiti 1 basi, masaa yote. Sasa mimi nikiwa nimelala saa saba usiku laini iko tupu yeye bado anavuta kwa megabiti 1, harusi ya watu inachelewa kufika, mteja anampigia simu asubuhi anamfokea. Ilileta maneno kati yetu. Kumfungia mtu spidi ni kumgawia maji kwa kijiko hata kama hakuna mwingine bombani. Ikiwa ruta yenu ina hiyo ya kufungia tu na haina kingine, sawa itumieni, ni bora kuliko hakuna, ila mjue ina gharama yake ndani ya nyumba.

Mambo ya kuangalia. Kama umewasha flow offloading kwenye firewall, izime, maana inapitisha paketi pembeni bila kupita SQM na utabaki unajiuliza mbona haifanyi kazi. Pili CAKE inakula nguvu ya prosesa, ruta kama hii yangu kwa laini za makumi ya megabiti haina neno, lakini mwenye faiba ya mia kadhaa itabidi atafute ruta yenye nguvu zaidi, hii itambana. Tatu, na hili ni kubwa kwetu, kama mtandao wako ni wa 4G spidi inapanda na kushuka kila saa, namba moja uliyoandika haitoshi, saa mbili usiku mnara ukielemewa unapata megabiti 2 wakati wewe umeandika 8, foleni inarudi kulekule. Kuna skripti inaitwa cake-autorate inayopima na kubadilisha namba yenyewe, nimemsaidia jirani kuiweka na inamfaa, ila inataka uvumilivu wa kuisoma na kuirekebisha. Na vifurushi vile vinavyopunguzwa spidi ukishafika kiwango fulani, ikipunguzwa lazima urudi ubadilishe namba, la sivyo SQM inalinda mlango ambao hakuna anayepita.

Kuna vitu haitengenezi kabisa. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika Afrika Mashariki nzima tuliumia, hiyo ruta ingekuwa ya dhahabu isingesaidia. Na waifai ya ndani, kama unafundishia chumba cha mwisho kuta mbili kutoka kwenye ruta paketi zinapotea hewani kabla hazijafika kwenye SQM. Mimi nilinunua kebo ya mita 15 nikaipitisha juu ya dari mpaka mezani kwangu, na nasema kwa kila anayefanya kazi ya kuongea mtandaoni, nunua kebo kabla hujanunua kipaza sauti.

Halafu kuna marekebisho ya upande wa programu yenyewe, haya hayahitaji ruta yoyote, fanyeni leoleo. WhatsApp ina sehemu kwenye Storage and data ya kutumia data kidogo kwenye simu, iwasheni hasa kama upande wa pili ni mzee aliyeko kijijini mnara mmoja. Kwenye Zoom zimeni HD kwenye mipangilio ya vidio, mwalimu haonekani vizuri zaidi kwa 720p na unaokoa nusu ya njia. Nikionyesha slaidi nazima kamera, kuonyesha skrini bila picha ya mtu Zoom wanasema ni kilobiti 50 mpaka 75 hivi, karibu sawa na sauti. Na kwa wanaotumia bando, hesabu ni rahisi: vidio ya 600 kwenda na 600 kurudi ni kama megabaiti 540 kwa saa, sauti peke yake ya 80 kwenda na kurudi ni kama 72 kwa saa. Wanafunzi wangu wawili walioko huku kwa bando tumekubaliana dakika kumi za mwanzo za salamu kwa picha, zinazobaki sauti tu, na Kiswahili chao kiko mbele ya wengine maana wamejifunza kusikiliza.

Kuhusu urahisi sitawadanganya, LuCI ina maneno mengi na karibu maelezo yote ni kwa Kiingereza, mtu asiyezoea ataogopa. Ila ukishaweka umeweka. Baada ya yale marekebisho ya wiki ya pili sijaigusa zaidi ya kubadilisha namba moja na kusasisha mara moja, na kabla ya kusasisha nilishusha nakala ya mipangilio nikaihifadhi kwenye flashi diski, fanyeni hivyo. Jukwaa lao watu wanajibu, nimeuliza swali moja nikajibiwa siku hiyohiyo. Matumizi yangu yote: ruta 65,000, kebo na vichwa vyake 18,000, programu bure. Na nimerudi kwenye kifurushi cha 10, nimeandika upya namba ya kushusha 8,500, darasa halijaona tofauti yoyote, kwa hiyo ile ruta imeshajilipa yenyewe.

Naipa nyota nne na nusu, nusu nimeitoa kwa sababu ya ugumu wa mwanzo kwa mtu asiye na wa kumsaidia. Yule mama mpole nilimwandikia mwezi wa pili baada ya kuiweka, nikamwambia mtandao umetulia, karibu tujaribu kipindi kimoja bila malipo. Alikuja. Tulianza na ng'ombe.